Muhogo hauna subira

Muhogo ukishang'olewa, saa zinaanza kuhesabika. Siku ya pili au ya tatu, ukiukata unakuta michirizi ya rangi ya buluu iliyokoza imetambaa ndani ya nyama yake. Haujapigwa wala haujaoza kwa maji; umeharibika wenyewe.

Ngano hupakiwa Urusi au Australia, ikakaa baharini wiki kadhaa, ikasagwa Dar es Salaam, na andazi lake likaumuka vizuri. Muhogo wa Mkuranga, wilaya ya jirani tu, lori likikwama siku mbili umeshapotea. Jambo hilo lilinikaa kichwani mpaka nikamtafuta mama mmoja anayesindika muhogo huko Mkuranga.

Hakuanza na habari za soko. Alianza na jua. Kabla ya kung'oa hutazama mawingu, kwani kazi yote ni ya siku moja: kumenya, kuosha, kukwangua kwa mashine hadi muhogo uwe kama nazi iliyokunwa, kisha kuujaza kwenye viroba na kuukamua kwa jeki ya lori. Maji meupe huchuruzika, yakiondoka na sehemu kubwa ya sumu ya sayanidi. Hachoki kuufikicha kiganjani. Ukishikamana donge, jeki inaongezwa. Ukitawanyika, unaanikwa juu ya chanja kwa tabaka jembamba. Mvua ikiwahi, unachacha, na mnunuzi huukataa kwa harufu tu.

Ukishakauka husagwa kuwa unga, na wateja wake ni wapika maandazi. Huwaambia wachanganye kilo moja ya unga wa muhogo kwa tisa za unga wa ngano. Wakizidisha sana, donge la unga hukosa mvutano, halafu watamlaumu yeye. Anasema wanaorudi kununua ni wale aliowaeleza hivyo tangu mwanzo.

Ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki kwa ngano inayotoka nje ni asilimia 35, lakini kwa miaka mingi wenye viwanda wamepewa nafuu ya kulipa asilimia 10. Muhogo umepewa nafuu gani? Na kikundi cha akina mama kisicho na hati ya kiwanja kitaweka nini rehani ili kipate mkopo wa kikaushio? Mama huyu aliniuliza swali hilo la mwisho. Sikuwa na jibu.

Halmashauri zinazolima muhogo zinunue vikaushio, viwekwe kijijini, karibu na mashamba. Mashine za kukamua zipo, wanunuzi wapo. Kinachokosekana masika ni mahali pa kukaushia.