Sekunde mbili za Sekenke

Barabara kuu itokayo Singida kwenda Nzega haina haraka ya kukuonyesha mlima. Unapita Misigiri, penye njia panda ya Kiomboi, ukiwa bado juu ya uwanda wa Iramba, upepo unavuma na msimu wake ukifika alizeti zimesimama pande zote. Halafu ardhi inakatika. Chini kuna mbuga ya Wembere, na Shelui imekaa pale mlima unapoishia. Huo ndio mteremko wa Sekenke. Wanahistoria wakisikia jina hilo hukumbuka dhahabu, mgodi wa enzi za Wajerumani uliotoa madini ya sarafu za rupia 15 zilizopigwa Tabora mwaka 1916, vita vikiwa vimeikatia koloni njia ya bahari. Madereva hukumbuka harufu ya klachi.

Hii ni njia ya mabasi ya Mwanza na ya malori yanayotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Rwanda, Burundi na Kongo. Humo humo zimo Fuso za vitunguu na Hiace za abiria wa karibu. Ukitoka Singida unashuka, ukitoka Shelui unapanda. Na anayepanda, maadamu gari linatembea, hana taabu kubwa: anachagua gia, anatulia, anasubiri mlima uishe. Taabu huanza pale anapolazimika kusimama. Lori la mbele limeishiwa nguvu, matawi mabichi yametandazwa barabarani kuonya kwamba kuna gari bovu, na nyuma basi limekuja kusimama karibu mno na bampa lake. Sasa inabidi aondoke. Ana miguu miwili, na gari la manyuali lina pedeli tatu.

Tuchukue gari la tani moja na nusu, abiria na mizigo ndani yake, limesimama kwenye mwinuko wa asilimia 10, yaani barabara inayopanda mita 10 kila unapoenda mita 100. Mvutano wa dunia unalirudisha nyuma kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 150 hivi. Ukiondoa mguu kwenye breki kabla klachi haijashika, sekunde ya kwanza inapoisha gari limesharudi kama sentimita 40. Hazionekani kuwa nyingi. Lakini gari linaloviringika linaongeza kasi, kwa hiyo mwisho wa sekunde ya pili haliwi limerudi sentimita 80, bali zaidi ya mita moja na nusu. Muda ukizidi mara mbili, umbali unazidi mara nne. Basi lililoachia nafasi ya mita moja limeshagongwa. Kwa lori la tani 56, ambao ndio uzito wa juu unaoruhusiwa kwenye barabara za Afrika Mashariki, mwinuko uleule unavuta kwa nguvu ya zaidi ya tani tano na nusu.

Mguu wa kulia una kazi mbili kwa wakati mmoja: kushika breki na kukanyaga mafuta. Haiwezekani, na kila mbinu ya kuondokea mlimani, ya zamani au ya kisasa, ni njia ya kumpata mtu mwingine wa kushika breki kwa muda mfupi.

Mbinu ya kwanza ni utingo. Anaruka chini na kabari ya mti au jiwe, analisukumiza nyuma ya tairi, anampigia dereva bodi. Gari likiondoka anaokota kabari yake na kukimbilia ngazi. Ikiwa alitumia jiwe, mara nyingi halirudi naye, linabaki katikati ya lami likimsubiri mwenye pikipiki wa usiku. Sijui kama kuna kitu kinachonikera zaidi kwenye milima yetu kuliko mawe hayo.

Mbinu ya pili ni ile inayofundishwa vyuoni na kuulizwa kwenye mtihani wa leseni. Unavuta breki ya mkono, unaingiza gia namba moja, unaongeza mafuta kidogo, unaachia klachi taratibu mpaka unasikia mlio wa injini unashuka na pua ya gari inainuka, kisha unaachia mkono. Ni mbinu nzuri kabisa, kwa sharti kwamba breki ya mkono yenyewe inashika. Magari mengi yanayopanda Sekenke yana breki ya mkono ambayo waya wake umelegea kwa muda mrefu hata mwenye gari haivuti tena.

Ndiyo maana wengi huangukia mbinu ya tatu, kubalansi. Dereva analiweka gari kwenye nusu klachi, lisirudi wala lisiende, akipiga resi kidogo huku akisubiri njia ifunguke. Mabingwa wanaweza kulisimamisha hivyo dakika nzima, na abiria wanawasifu. Wasifu, ila wajue kinachotokea chini ya miguu yao. Kulishikilia gari letu la tani moja na nusu kwenye mwinuko ule, klachi inabeba mzunguko wa nyutoni-mita 30 hivi baada ya gia namba moja kurahisisha kazi. Upande mmoja wa pleti ya klachi, flaiwili inazunguka na injini mara 1,000 kwa dakika. Upande wa pili, ule wa magurudumu, umesimama tuli. Ukizidisha nguvu ile ya mzunguko kwa tofauti ya kasi unapata kilowati tatu na ushee. Gari haliendi popote, kwa hiyo zote hizo ni joto. Ni kama pasi tatu za umeme zilizowashwa na kubanwa kati ya flaiwili na presha pleti, mahali pasipo na upepo. Pakia gari lifike tani mbili na nusu, joto linapita kilowati tano. Kitambaa cha pleti kinaanza kuungua, harufu inaingia ndani, na kesho yake fundi wa Shelui au wa Singida mjini anapata kazi.

Klachi ikishika kabisa joto linakoma, kwa sababu pande zote mbili zinazunguka kwa kasi moja na hakuna tena kusuguana. Kinachoua klachi ni muda inaoteleza. Anayeondoka kwa sekunde moja na nusu na anayebalansi kwa dakika wanatumia pedeli ileile, lakini wa pili anachoma kitambaa mara nyingi zaidi.

Hapo ndipo kinapoingia kisaidizi cha kuondokea mlimani, ambacho kwenye Toyota utakiona kwa herufi HAC na kwenye magari mengine HSA. Watu wanakiita teknolojia mpya. Kina umri wa kumzidi babu wa madereva wengi wa leo. Mwaka 1936 kampuni ya Marekani ya Studebaker iliwauzia wanunuzi wa gari lake la President kifaa cha ziada kilichoitwa Hill Holder. Hakikuwa na umeme wala kompyuta. Ndani ya njia ya mafuta ya breki kulikuwa na gololi. Gari likisimama limeinua pua, gololi inabingirika kwa uzito wake na kuziba tundu, na mafuta yaliyokuwa yakibana breki yanashindwa kurudi. Klachi iliunganishwa na kifaa hicho: ukiwa umeikanyaga, breki zinabaki zimebanwa hata ukitoa mguu, ukiiachia, gololi inasukumwa pembeni na gari linakuwa huru. Subaru waliendelea na ubunifu wa aina hiyo kwenye baadhi ya magari yao ya manyuali miongo mingi baadaye, kwa waya kutoka klachi hadi kwenye vali. Mimi naona ni moja ya vitu vya akili zaidi vilivyowahi kuwekwa ndani ya gari: mlima wenyewe ndio unaowasha kifaa cha kupambana nao.

Cha kisasa hakitumii gololi. Kinaazima vyombo vya ABS na vya mfumo wa kuzuia gari kuteleza, ambavyo tayari vina vali za umeme kwenye njia ya mafuta ya breki za kila gurudumu. Ulaya ilipolazimisha mfumo huo uwemo kwenye kila gari jipya kuanzia Novemba 2014, kisaidizi cha mlimani kikawa karibu cha bure, maana vali zipo na kompyuta ipo. Sensa ndogo inapima gari limelala kwa pembe gani. Likiwa limesimama, mwinuko ukiwa wa kutosha na gia ikiwa imeingia, kompyuta inafunga vali mara tu unapoachia breki. Inahesabu sekunde mbili hivi. Ndani ya sekunde hizo ikiona injini imeanza kusukuma kwa nguvu inayolingana na mlima, inafungua vali taratibu na gari linaondoka. Sekunde zikiisha kabla injini haijasukuma, inafungua vilevile, na gari linarudi nyuma.

Madereva wengi hawajui jambo moja. Kifaa hiki hakibani breki. Kinazuia tu zile ulizobana wewe zisiachie. Ukisimama kwa kugusa pedeli kidogo, umekipa shinikizo dogo la kutunza, na kwenye mlima mkali gari likiwa limejaa litateleza ndani ya sekunde zilezile ulizodhani uko salama. Kwa hiyo aliyesimama Sekenke na mzigo akanyage breki kwa uzito kabla ya kuinua mguu, hata kama gari lilikuwa limeshatulia. Klachi iwe imekanyagwa mpaka chini na gia namba moja iwe ndani. Kwenye magari mengi gia ikiwa huru kifaa hakifanyi kazi. Kisha mguu wa kulia uhame kwenda kwenye mafuta bila pupa, na wa kushoto uinuke mpaka klachi ishike. Sekunde mbili ni nyingi kwa anayejua anachotafuta. Kifaa hufanya kazi pia unapopanda kinyumenyume, kwa gia ya rivasi, jambo linalomfaa anayetoka kwenye shimo la maegesho.

Injini ikizima katikati ya zoezi, usianze kutafuta ufunguo. Mguu kwenye breki kwanza, kwa sababu vali haitasubiri uwashe tena.

Kuna vitu ambavyo sekunde hizo haziwezi kununua. Kimoja ni nguvu. Mji wa Singida uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kwenye kimo hicho hewa ni nyepesi kwa asilimia 14 hivi kuliko ya Dar es Salaam. Injini isiyo na turbo inapoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribiana na hicho. Yenye turbo hujitetea ikishakolea, lakini turbo huzungushwa na moshi unaotoka kwenye injini, na wakati wa kuondoka, resi ikiwa chini, moshi ni mchache na turbo bado imelala. Dereva aliyezoea kuondokea mlima kule pwani kwa resi fulani atashangaa gari lilelile linamzimikia huku juu. Aongeze mafuta kidogo zaidi kuliko alivyozoea kabla hajaachia klachi, basi.

Kingine ni mshiko wa tairi. Gari likiinua pua, uzito unahamia nyuma. Fuso iliyopakia vitunguu inafaidika, kwani inasukuma kwa magurudumu ya nyuma yaliyokandamizwa na mzigo. Gari dogo linalovutwa na magurudumu ya mbele, kama Probox nyingi, linapoteza mshiko pale pale linapouhitaji, na kwenye barabara za changarawe zinazopanda kutoka lami kwenda vijijini tairi zitazunguka bure huku kompyuta ikiamini safari imeanza.

Tena kuna ile taa. Kwa kuwa kisaidizi kinaishi ndani ya ABS, taa ya ABS ikiwaka kwenye dashibodi mara nyingi kisaidizi nacho kimekufa, bila kelele. Magari yaliyotumika nje na kuletwa nchini huzunguka miaka na taa hiyo, na baadhi ya wenye magari wamemwomba fundi aichomoe isiwasumbue macho. Gari linapoandikwa HSA kwenye tangazo la kuuza, taa hiyo iwake ufunguo unapofunguliwa na izime baada ya muda mfupi. Isiyowaka kabisa inatia shaka kuliko inayowaka.

Malori mapya ya mizigo yana kisaidizi chao, kinachoshikilia hewa kwenye breki badala ya mafuta, na gia zao za chini zinapunguza mzunguko kiasi kwamba klachi haiteseki kama ya gari dogo. Hata hivyo, utingo aliyepanda Sekenke mara nyingi haachi kabari yake nyumbani. Breki za hewa zinategemea kompresa na mipira, na mfumo mzima ukiwa na tani 56 nyuma yake hautakiwi kuwa na ulinzi wa aina moja tu.

Anayetaka kujua kama gari lake linacho, atafute mwinuko wa kutosha mahali pasipo na gari nyuma, asimame, akanyage breki kwa nguvu, klachi chini, gia namba moja, kisha ainue mguu wa breki tu na kuhesabu. Likirudi papo hapo, hanacho, au hakifanyi kazi. Likisimama kidogo kisha likaachia, anacho, na amejua pia muda aliopewa.