Saratani ya Mlango wa Kizazi: Elimu Iliyopo na Wajibu Wetu kwa Mabinti



Katika karne ya 19, Tabora ilikuwa njia panda ya misafara. Wapagazi waliotoka Bagamoyo walitua hapa, wakapumzika, kisha wengine wakaelekea Ujiji na wengine wakaelekea kaskazini, upande wa Ziwa Nyanza. Leo njia hizo zina reli na lami, na miongoni mwa wanaozipita wamo mama zetu wagonjwa. Baadhi husafiri zaidi ya kilometa 800 kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Wengine huelekea Mwanza, katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando, ambayo ni mali ya Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania. Wengi wao wanaugua saratani ya mlango wa kizazi, na wengi huanza safari wakiwa wamechelewa.

Ugonjwa huu ndio saratani inayowapata na kuwaua wanawake wengi zaidi nchini mwetu. Kwa makadirio ya shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, kila mwaka wanawake zaidi ya 10,000 hugundulika kuwa nao nchini Tanzania, na zaidi ya 6,000 hufariki dunia. Jambo linalotuhuzunisha sisi mapadre, ambao mara nyingi huitwa kutoa Mpako wa Wagonjwa siku za mwisho, ni kwamba ugonjwa huu unazuilika. Chanzo chake kinajulikana, chanjo yake ipo na hutolewa bila malipo, na dalili zake za awali hutibika. Makala haya yanalenga kueleza elimu hiyo kwa ufupi, ili hofu na uvumi visitawale mahali ambapo maarifa na upendo vingeweza kuokoa uhai.

Saratani ni nini?

Mwili wa mwanadamu umejengwa kwa seli nyingi mno. Ndani ya kila seli mna jeni, yaani maelekezo tuliyorithi kwa wazazi wetu, yanayoiambia seli lini igawanyike na lini itulie. Saratani huanza pale maelekezo hayo yanapoharibika, seli ikaendelea kugawanyika bila kusikia amri, na hatimaye ikavamia viungo vya jirani.

Tukumbuke misafara ile ya kale. Mbele alitembea kirangozi: yeye akisimama, msafara wote ulisimama. Kando walikuwapo wanyapara, waliokagua mizigo na kumweka pembeni mpagazi asiyefaa kuendelea. Seli nayo ina protini zinazofanya kazi za namna hiyo. Moja huitwa Rb, nayo huizuia seli isigawanyike kabla ya wakati wake. Nyingine huitwa p53, nayo hukagua jeni. Ikiona madhara makubwa huisimamisha seli ijirekebishe, au huiamuru ife.

Virusi vya papiloma, vinavyojulikana kwa kifupi kama HPV, huwashambulia walinzi hao wawili. Virusi hivi vikidumu kwa miaka mingi katika mlango wa kizazi, jeni zao huweza kujichomeka ndani ya jeni za seli. Hapo hutoa protini mbili: iitwayo E7 huifunga Rb, na iitwayo E6 huiharibu p53. Kirangozi amefungwa, mnyapara ameondolewa, na msafara unakwenda bila wa kuusimamisha. Safari hiyo ni ya polepole: tangu maambukizi hadi saratani kamili huweza kupita miaka 15 hadi 20. Miaka hiyo yote ni nafasi ya kuzuia.

Elimu iliyoanzia Afrika Mashariki

Wazo kwamba virusi vinaweza kuleta saratani kwa binadamu lilithibitika kwa mara ya kwanza kutokana na ugonjwa wa watoto wa kwetu. Mwaka 1958 daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyefanya kazi Mulago nchini Uganda, aliandika juu ya uvimbe wa taya uliowaua watoto. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walifunga safari ndefu ya gari kutoka Kampala kuelekea kusini mwa Afrika, wakipita hospitali nyingi, zikiwemo za misheni, ili kujua ugonjwa huo unapatikana wapi. Mwaka 1964 Anthony Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong walivigundua virusi katika sampuli za uvimbe huo zilizotoka Uganda.

Baadaye mtafiti wa Ujerumani, Harald zur Hausen, alitambua HPV ya aina ya 16 na ya 18 katika saratani ya mlango wa kizazi, mwaka 1983 na 1984. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Aina hizo mbili husababisha takriban asilimia 70 ya saratani hii duniani.

Ushahidi kutoka Mwanza

Mwanzoni chanjo ya HPV ilitolewa kwa dozi tatu, kisha mbili. Kwa nchi yenye vijiji vilivyotawanyika, kumpata binti mara ya pili na ya tatu ni kazi ngumu na yenye gharama. Hivyo likaulizwa swali: je, dozi moja haitoshi?

Jibu lilitafutwa hapa jirani. Kuanzia mwaka 2017, watafiti wa Tanzania wakishirikiana na wenzao wa London waliwafuatilia wasichana 930 jijini Mwanza, wenye umri wa miaka 9 hadi 14, waliogawanywa katika makundi ya dozi moja, mbili au tatu. Baada ya miaka miwili, zaidi ya 95 katika kila 100 waliopata dozi moja walikuwa na kingamwili dhidi ya aina ya 16 na ya 18. Huko Kenya, utafiti mwingine uliohusisha wanawake 2,275 wenye umri wa miaka 15 hadi 20 ulionyesha kwamba dozi moja ilizuia zaidi ya asilimia 97 ya maambukizi mapya ya kudumu ya aina hizo katika miezi 18. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilikubali dozi moja. Tanzania, iliyoanza kuchanja kitaifa mwaka 2018 kwa dozi mbili kwa wasichana wa miaka 14, iliingia katika utaratibu wa dozi moja mwaka 2024, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba chanjo hii imeletwa kwetu bila kupimwa kwetu. Mabinti wa Mwanza, kwa ridhaa ya wazazi wao, wameisaidia dunia nzima.

Maswali ya wazazi

Swali la kwanza: Je, chanjo inaharibu uzazi? Hapana. Ndani yake hamna virusi hai wala jeni za virusi, bali protini za ganda la nje tu, zilizojipanga kwa umbo la kirusi. Mwili huliona umbo hilo na kujiandaa kwa ulinzi. Haina homoni, na haigusi mfuko wa uzazi wala mayai. Kinachoharibu uzazi ni saratani yenyewe, kwa kuwa tiba yake mara nyingi hulazimu kuondoa kizazi au kukichoma kwa mionzi.

Swali la pili: Je, imetengenezwa kwa njia inayopingana na imani yetu? Mkatoliki ana haki ya kuuliza hivyo, maana zipo chanjo nyingine zinazokuzwa katika seli zenye asili ya mimba zilizotolewa. Chanjo za HPV si miongoni mwa hizo. Protini zake hutengenezwa ndani ya hamira, seli za wadudu au bakteria.

Swali la tatu: Je, kumchanja binti si kumruhusu aishi bila usafi wa moyo? Mafundisho ya Kanisa juu ya useja mwadilifu na uaminifu wa ndoa hayabadiliki, na wazazi wanabaki kuwa walimu wa kwanza wa fadhila hiyo. Lakini tufikiri kwa makini. Binti anaweza kujitunza hadi siku ya ndoa, kisha akaambukizwa na mume aliyevibeba virusi kwa miaka bila kujua. Mwingine anaweza kutendewa ukatili asioutaka. Chanjo hufanya kazi vizuri zaidi ikitolewa kabla ya maambukizi. Ndiyo sababu hutolewa utotoni, na si kwa sababu mtu anamdhania binti vibaya.

Hapa pana jambo linalowagusa pia waume. HPV ni virusi vilivyoenea mno: wengi walioingia katika tendo la ndoa hukutana navyo wakati fulani, na kwa kawaida mwili huvishinda ndani ya miaka miwili. Mke anapogundulika na saratani hii, si ushahidi kwamba alikosa uaminifu. Mume anayemwacha mkewe kwa sababu hiyo anaongeza jeraha juu ya jeraha. Aibu imewafanya wanawake wengi wanyamaze hadi uvimbe ukue, na kunyamaza huko kumeua.

Kwa mama ambaye umri wa chanjo umempita

Chanjo haitibu maambukizi yaliyokwisha kuingia. Kwa hiyo wanawake kuanzia miaka 30 wanashauriwa kupimwa, na wanaoishi na VVU waanze mapema zaidi, kuanzia miaka 25, kwa kuwa hatari yao ni takriban mara sita ya wengine. Kipimo cha kawaida kwetu ni kupaka asidi dhaifu ya siki kwenye mlango wa kizazi. Seli zilizoanza kubadilika huonekana nyeupe, na mara nyingi hutibiwa siku hiyo hiyo kwa joto au kwa baridi kali. Kipo pia kipimo cha jeni za HPV, ambacho mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe kwa faragha.

Dalili zisipuuzwe: kutokwa damu nje ya siku za hedhi, baada ya tendo la ndoa au baada ya ukomo wa hedhi, uchafu wenye harufu, maumivu ya nyonga yasiyoisha. Hata ugonjwa ukishakua, tumaini lipo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha kwamba wagonjwa waliopewa majuma sita ya dawa mbili za siku nyingi, karboplatini na paklitakseli, kabla ya mionzi, walikuwa hai baada ya miaka mitano kwa asilimia 80, wakati waliopata tiba ya kawaida peke yake walikuwa asilimia 72.

Wajibu wetu

Katekisimu, katika namba 2288, inatufundisha kuwa uhai na afya ni zawadi tulizokabidhiwa na Mungu, nasi tuzitunze kwa busara huku tukijali mahitaji ya wengine. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anatualika kumheshimu tabibu na kutodharau dawa, bila kuacha sala. Kanisa la Tanganyika Magharibi linalijua hilo tangu mwanzo. Adrian Atiman, aliyetekwa utumwani akiwa mtoto huko Afrika Magharibi, alikombolewa, akasomea tiba Malta, akafika Karema mwaka 1889. Huko alikuwa tabibu na katekista hadi alipofariki mwaka 1956. Hakutenganisha msalaba na dawa.

Nasi basi tusitenganishe. Katika Jumuiya Ndogo Ndogo, suala hili lizungumzwe bila aibu. WAWATA wapange siku ya kwenda kupimwa pamoja, maana anayeogopa peke yake hutiwa moyo na wenzake. Wanaume wa UWAKA wawape wake zao nauli na muda. Wazazi waulize shuleni au katika zahanati lini chanjo itatolewa, na binti asiyesoma asisahauliwe, kwa kuwa yeye ndiye anayepitwa kwa urahisi. Aliye mgonjwa tayari asiombewe nyumbani tu hadi nguvu zimwishie: apelekwe hospitali, na padre aitwe mapema, kwa maana Mpako Mtakatifu ni sakramenti ya wagonjwa na si ya wanaokata roho peke yao.

Safari ya kwenda Ocean Road ni ndefu na ya gharama kubwa. Ile ya kumpeleka binti zahanati ni fupi, na yafaa ifanyike sasa.

Bikira Maria, Afya ya Wagonjwa, utuombee.