Cheti cha Mwalimu Kivuke Mpaka

Ndugu walimu, sisi wa Chinsapo, Lilongwe, tunalijua darasa lililofurika. Mwaka 1994 Malawi ilifuta ada ya shule za msingi, serikali ikaajiri maelfu ya walimu wasio na mafunzo. Mwaka huo huo ilifunguliwa kambi ya Dzaleka, wilayani Dowa, mahali palipokuwa gereza. Ilikusudiwa watu wapatao 10,000. Leo wamepita 50,000, na mwaka 2023 wakimbizi wa mijini waliamriwa kurudi huko.

Walimu wenye vyeti wamo kambini humo. Lakini Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi mwaka 1987 iliweka masharti yanayobana ajira. Hivyo mwenzetu mkimbizi anashika chaki ile ile kwa posho, si mshahara. Mtoto aliyekuja na Kiswahili na Kifaransa anakuta Kichewa na Kiingereza. Nani atamvusha?

Hili ni jambo la serikali kwa serikali. Nchi za IGAD, Kenya na Uganda zikiwamo, zilikubaliana huko Djibouti mwaka 2017 kuwaingiza wakimbizi katika elimu ya taifa. Malawi na Kongo zimo SADC, yenye itifaki ya elimu tangu 1997. Burundi na Rwanda hazimo, basi Jumuiya ya Afrika Mashariki iitwe kikaoni.

Tunadai vyeti vitambuliwe, mafunzo ya likizo yaanze, na wajumbe wa walimu wawemo. Tena aliyeikimbia serikali yake asilazimishwe kuiomba hati: apimwe hapa hapa, darasani.