Kipimo cha Thairoidi na Mbari ya Mbwa

Tezi ya thairoidi ya mbwa iko shingoni, kandokando ya koo la hewa. Ikidhoofika, mbwa huwa mzito wa kuamka, hunenepa bila kuongezewa chakula, huona baridi upesi, na manyoya ya mbavuni hunyonyoka pande zote mbili bila mwasho. Kwa kawaida chanzo ni kinga ya mwili kuishambulia tezi hiyo, au tezi kunywea polepole. Doberman, Golden Retriever, Beagle na English Setter wamo katika mbari zinazopatwa zaidi, hasa wakiwa na umri wa kati.

Kipimo cha kwanza ni cha T4, homoni ya tezi hiyo, katika damu. Ikiwa ya kutosha, uwezekano wa ugonjwa ni mdogo sana. Ikiwa pungufu, bado hakuna kilichothibitishwa. Maradhi mengine mazito huishusha, na vivyo hivyo prednisoloni na fenobabitali, dawa ya kifafa.

Mbari nayo huishusha. Greyhound mzima, anayekimbia vizuri, anaweza kuwa na T4 ndogo kiasi cha mashine ya maabara kushindwa kuisoma. Saluki na Whippet pia huwa chini ya viwango vya kawaida. Kumpa mbwa wa namna hiyo vidonge vya homoni kwa sababu ya tarakimu hiyo pekee ni kumtibu asiyeumwa.

Ndiyo maana hupimwa pia TSH, homoni ya ubongoni inayoichochea tezi. T4 ikishuka na TSH ikapanda, kwa mbwa mwenye dalili, ugonjwa umejulikana. Hata hivyo, takriban robo ya wagonjwa TSH yao haipandi. Hapo hupimwa T4 huru, yaani ile isiyoshikamana na protini za damu, kwa njia ya dayalisisi, iliyo ya kuaminika zaidi.

Wafugaji wa mbegu huhitaji pia kipimo cha kingamwili dhidi ya thairoglobulini, protini ya tezi hiyo; kingamwili hizo huweza kuonekana kabla ya dalili, wakati mbwa ameanza kuzaa. Taasisi ya OFA ya Marekani hushauri vipimo virudiwe katika umri wa miaka 2, 3, 4, 6 na 8, kwa kuwa aliye salama leo anaweza kuugua baadaye.

Damu inapopelekwa maabara, mwenye mbwa ahakikishe fomu imejazwa mbari, umri na kila dawa anayotumia mnyama wake.