Mashine Iliyofungiwa Kijapani, Ikitazamwa Kutoka Nyamongo

PlayStation ikifa Nyamongo, mji wetu wa mgodi huko Tarime, mara nyingi imeuawa na vumbi. Barabara zetu za Nyangoto na Kewanja hupitisha malori, bodaboda na ng'ombe kutwa nzima, na vumbi likiinuka linaingia kwenye banda la gemu kwa mlango ambao haufungwi kwa sababu ya joto. Linajaa kwenye feni, linaziba jicho linalosoma diski, na siku moja mashine inagoma mechi ikiwa dakika ya themanini. Mwenye banda anachukua bisibisi, anaifungua, anapuliza, anafuta jicho kwa pamba, anairudisha mezani. Nimeona moja iliyofunguliwa hivyo mara nyingi mpaka ikabakiwa na skrubu mbili.

Sheria ya banda ni moja: aliyefungwa anatoka. Ukigoma kuachia padi, benchi zima linakupigia kelele, "Mura, toka!" Mashine zenyewe ni PlayStation 2 na 3, chache ni za 4. Zimetumika kwingine kabla ya kufika huku, zikapita Kariakoo au Mwanza, zikapanda basi la Tarime. Ukiwa umenunua umeme wa LUKU na una diski, kazi inaendelea. Haziulizi wewe ni nani wala unaishi wapi.

Swali hilo la unaishi wapi ndilo limenifanya niandike makala hii. Novemba 21, 2025 Sony iliingiza sokoni Japani PlayStation 5 ya namna mpya. Bei yake ya kuanzia ilikuwa yeni 55,000, wakati mashine ya aina hiyo hiyo isiyo na sehemu ya diski ilikuwa yeni 72,980. Punguzo hilo lina masharti mawili. Lugha ya mashine ni Kijapani peke yake na haibadilishwi. Na akaunti ya mchezaji lazima iwe imesajiliwa Japani.

Kuelewa jinsi Sony ilivyofikia hapo, inabidi turudi nyuma kidogo. PlayStation ya kwanza, aliyoipigania Ken Kutaragi ndani ya kampuni, ilianza kuuzwa Japani Desemba 3, 1994 kwa yeni 39,800. Wamarekani walisubiri hadi Septemba 1995. PlayStation 2 nayo ilitoka Japani kwanza, Machi 2000, kwa bei ile ile, na hadi leo hakuna mashine ya gemu iliyouzwa kuizidi: zaidi ya milioni 160 duniani. Enzi hizo mtoto wa Tokyo ndiye aliyekuwa akila kwanza, sisi wengine tukisubiri.

Kisha mambo yakageuka. PlayStation 4 iliuzwa Marekani Novemba 2013, na Wajapani, wenye nyumba, wakaipata Februari 2014. Mwaka 2016 makao makuu ya biashara hiyo yakahamia San Mateo, California. Mwaka 2021 studio ya Sony iliyoitwa Japan Studio ilivunjwa na kupangwa upya. Hesabu ya Sony inaeleweka, kwa kuwa fedha nyingi zilikuwa Marekani na Ulaya. Wajapani nao walikuwa wamehamia kwenye mashine za mkononi za kuchezea ndani ya treni. Sony ilikuwa na yake, PSP na baadaye Vita, lakini gemu lililopendwa mno huko, Monster Hunter, lilihamia kwa Nintendo, na Vita ikazikwa mwaka 2019 bila mrithi. Switch ya Nintendo imeuza zaidi ya mashine milioni 30 ndani ya Japani peke yake.

Lakini kilichowauma Wajapani wengi, naamini, ni kitufe. Padi ya PlayStation ina duara, eksi, pembetatu na mraba. Kwa Mjapani duara maana yake ni vema, na eksi ni kosa. Ndivyo mwalimu anavyosahihisha daftari kule. Kwa hiyo tangu 1994 Mjapani alikubali kwa duara na kukataa kwa eksi. Mashine zilizouzwa Marekani na Ulaya zikageuza, eksi ikawa ndiyo. PlayStation 5 ilipotoka Novemba 2020, Sony iliamua dunia nzima itumie eksi, Japani ikiwemo. Ni kama mwalimu wa Kewanja aambiwe kuanzia kesho eksi nyekundu ndiyo alama ya vema. Anaweza kuzoea, ila atajua kwamba aliyeamua hakuwa akimfikiria yeye.

Juu ya hayo yeni ikaanguka. Katikati ya mwaka 2024 dola moja ilifika yeni 160. PlayStation 5 yenye diski, iliyoanza kwa yeni 49,980, ikapanda hadi 79,980 Septemba mwaka huo. Kwa mshahara wa Mjapani hiyo ilikuwa bei ya kuumiza. Kwa mwenye dola ilibaki rahisi, na walanguzi wakawa wananunua Japani na kuuza nje. Kampuni ikabanwa pande mbili: ikishusha bei, mzigo unatoroka, ikiipandisha, watu wa nyumbani wanaikimbia.

Nintendo ndiyo iliyotangulia kupata dawa. Switch 2 ilipotoka Juni 2025, ilikuwa na bei mbili Japani: yeni 49,980 kwa ile ya Kijapani tu, yeni 69,980 kwa ile ya lugha zote. Sony ilifuata nyayo miezi mitano baadaye, kitengo chake cha gemu kikiwa chini ya mkuu Mjapani, Hideaki Nishino. Siwalaumu. Kampuni iliyowapa watu wake kisogo kwa miaka mingi imeamua kuwarudia na kuwapunguzia bei, na hilo ni jambo jema.

Kinachonisumbua ni imani iliyo ndani ya kufuli hilo la lugha, kwamba asiyejua Kijapani hatainunua. Nyamongo inajua vingine. Nilijifunza mpira wa runingani kwa Winning Eleven ya Konami, diski ya Kijapani tangu mwanzo hadi mwisho. Hakuna aliyeweza kusoma hata herufi moja. Tulihesabu: chini mara mbili, duara, kulia mara moja, duara, umefika uwanjani. Mtoto mgeni alifundishwa njia hiyo kama anavyofundishwa njia ya kwenda kisimani. Hata leo Kiswahili hakimo kwenye lugha za PlayStation 5, na vijana wanapita kwenye menyu za Kiingereza kwa mtindo huo huo. Kwetu lugha haijawahi kuwa kufuli.

Kufuli ni akaunti. Mtandao wa PlayStation hauna Tanzania kwenye orodha ya nchi za kujisajili. Kusini mwa Sahara, nchi iliyomo ni Afrika Kusini tu. Kijana wa Tarime anayetaka kununua gemu mtandaoni analazimika kuandika kwamba anaishi Marekani au Johannesburg. Diski haikumlazimisha mtu kusema uongo. Diski ilinunuliwa, ikaazimwa, ikachubuka, ikauzwa tena, na iliposhika njia ya Nyamongo hakuna aliyeizuia. Mashine isiyo na diski, yenye gemu zilizofungwa kwenye jina na anwani ya mtu, haitafika kwenye banda kwa njia hiyo, hata ikiuzwa kwa bei ya kutupa. Na ndiko biashara nzima inakoelekea, siyo Japani peke yake.

Kwa hiyo ombi langu kwa Sony si Kiswahili, ingawa nacho tunakistahili. Naomba jina la Tanzania liwekwe kwenye orodha ile. Vijana wa hapa wanalipa. Wanalipa kila mechi, kwa sarafu zilizolowa jasho la kwenye duara la mgodi, na wangelipa kwa simu wakiruhusiwa.

Jumamosi iliyopita nilikaa kwenye banda moja Nyangoto hadi giza. Mtoto aliyekuwa kwenye padi hakutazama runinga alipokuwa akichagua timu. Alikuwa akibishana na mwenzake kuhusu kona ya mechi iliyopita. Kidole kikaenda chenyewe, chini, chini, eksi, kulia, eksi. Filimbi ikalia.