Mifupa ya Kuigiza: Namna ya Kuandaa Onyesho la Historia ya Misafara Bila Kuzua Hofu

Shule, vikundi vya utamaduni na wananchi wanaopenda kuandaa maonyesho ya historia ya njia ya misafara wanashauriwa kutumia mifupa ya kuigiza badala ya mifupa halisi. Katika nchi kama Marekani, kila tarehe 31 Oktoba watu hupamba nyumba zao kwa mifupa bandia ili kutishana kwa mzaha. Kwa wakazi wa Tabora mzaha wa aina hiyo una gharama yake. Katika mikoa ya magharibi na Kanda ya Ziwa, tuhuma za uchawi zimewahi kusababisha vifo vya wazee, hususan wanawake, na mfupa usiojulikana ulikotoka unaweza kuanzisha uvumi unaomwangukia mtu asiye na hatia. Hata hivyo, mifupa ya kuigiza ikitumika kwa uwazi hufundisha mambo mengi.

Kwa nini mifupa?

Katika karne ya 19, njia ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Tabora hadi Ujiji. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walibeba mizigo ya karibu frasila mbili, yaani takriban kilo 32, kwa mamia ya kilomita. Watumwa walipitishwa njia hiyo hiyo. Wengi walifariki njiani kwa ndui, njaa na uchovu, na makaburi yao hayajulikani. Mwaka 2006, Tanzania iliiingiza njia hiyo katika orodha ya awali ya UNESCO ya maeneo yanayopendekezwa kuwa Urithi wa Dunia, Kwihara ikiwa miongoni mwa vituo vyake.

Mfupa pia ni ushahidi. Mwaka 1844, David Livingstone alijeruhiwa na simba, na mfupa wa mkono wake wa kushoto ukaunga vibaya. Baada ya kufariki mwaka 1873 katika nchi ambayo sasa ni Zambia, Chuma, Susi na wenzao waliubeba mwili wake kupitia Tabora hadi pwani. Ulipofika London mwaka 1874, daktari William Fergusson aliutambua kwa kovu la mfupa huo. Vilevile, fuvu la Mtwa Mkwawa lilirejeshwa Kalenga, Iringa, mwaka 1954, baada ya Wahehe kulidai kwa muda mrefu. Masalia ya binadamu yana wenyewe, na hayafai kuwa pambo.

Namna ya kutengeneza

Vifaa vinavyohitajika ni magazeti ya zamani, maboksi, waya mwembamba, unga wa ngano au muhogo, chumvi na rangi nyeupe ya maji.

1. Pika uji kwa kikombe 1 cha unga na vikombe 4 vya maji. Ongeza kijiko cha chumvi ili kuzuia ukungu, kisha uache upoe.
2. Viringisha gazeti kavu kwenye waya kupata umbo la mfupa, na uongeze vifundo kwenye ncha zote mbili. Mfupa wa paja ni karibu robo ya urefu wa mtu. Kwa mtu wa sentimita 170 utakuwa na takriban sentimita 45.
3. Kwa fuvu, tumia puto au mpira wa makaratasi. Mbavu na nyonga zikatwe kwenye maboksi.
4. Chovya vipande vya gazeti kwenye uji na ubandike tabaka tatu hadi nne. Kila tabaka likauke juani kabla ya kuongeza jingine.
5. Paka rangi nyeupe, kisha pitisha kitambaa kilicholowa chai ya rangi ili mfupa uonekane wa kale.

Pembe za ndovu za onyesho zitengenezwe kwa njia hiyo hiyo. Kumiliki pembe halisi bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009.

Masharti ya kuzingatia

Mwandaaji amjulishe mapema Mtendaji wa Kijiji au wa Kata. Kila mfupa uandikwe neno MFANO kwa wino usiofutika. Onyesho lifanyike mchana, mahali pa wazi, likiwa na maelezo ya historia, mbali na makaburi na njia panda. Likimalizika, vifaa vyote vihesabiwe na kuhifadhiwa. Visitupwe jalalani wala porini. Ikumbukwe kuwa Sheria ya Uchawi, Sura ya 18, inakataza kumtisha mtu kwa vitu vinavyodaiwa kuwa vya uchawi.

Ukikuta mifupa halisi

Mwananchi anayekuta mifupa inayodhaniwa kuwa ya binadamu anapolima, kuchimba msingi au kufyatua matofali asimamishe kazi, asiiguse wala kuihamisha, na atoe taarifa Polisi na kwa Mtendaji. Ikibainika kuwa ni masalia ya kale, yatashughulikiwa chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Kutoa taarifa mapema humlinda aliyeyakuta, na huwalinda majirani zake dhidi ya uvumi.

Kwa ufafanuzi zaidi, wananchi wafike katika ofisi ya Mtendaji wa Kata au kwa Afisa Utamaduni wa Wilaya saa za kazi.