Mkazo wa Usoni na Mkazo wa Ndani: Kusoma Matokeo ya Uchambuzi wa Elementi Kikomo kwa Mfano wa Boriti ya Mkoko, Wambaa, Pemba

1. Utangulizi

Wambaa ni kijiji cha mwambao katika Wilaya ya Mkoani, Mkoa wa Kusini Pemba. Kama ilivyo katika sehemu kubwa ya pwani ya Waswahili, miti ya mikoko imetumika huko kuwa nguzo, fito, pau na boriti za nyumba. Katika nyumba za mawe za kale, kuanzia Lamu hadi Mji Mkongwe wa Unguja, urefu wa boriti ndio uliotawala upana wa chumba, na vyumba vingi vina upana wa takriban mita 2.5 hadi 3. Baadhi ya boriti hizo zingali zinabeba mizigo, na nyingine hung'olewa katika jengo la zamani zikatumiwa tena. Swali la fundi na la mhandisi ni moja: je, boriti hii itabeba? Kuporomoka kwa sehemu ya Beit al-Ajaib mjini Zanzibar tarehe 25 Desemba 2020, kulikogharimu maisha ya watu, kulikumbusha kuwa swali la uimara wa majengo ya zamani si la vitabuni tu.

Siku hizi swali hilo mara nyingi hupelekwa kwenye programu ya uchambuzi wa elementi kikomo, njia iliyopewa jina lake na Ray Clough mwaka 1960. Programu huligawa umbo la boriti katika vipande vidogo viitwavyo elementi, vinavyoungana kwenye nukta ziitwazo nodi. Hukokotoa kwanza misogeo ya nodi, kisha hupata mkazo, yaani nguvu ya ndani kwa kila kipimo cha eneo. Mwishoni huonekana picha ya rangi: buluu kwa mkazo mdogo, nyekundu kwa mkazo mkubwa. Picha hiyo, kama haikupasuliwa, huonyesha uso tu wa modeli. Makala haya yanafafanua kwa nini tafsiri inayoishia usoni inaweza kuipitisha boriti isiyofaa, na yanaeleza namna ya kuusoma mkazo wa ndani.

2. Boriti ya mfano

Ichukuliwe boriti ya mkandaa yenye kipenyo cha sentimita 12, inayovuka nafasi ya mita 2.5 kati ya kuta mbili. Mzigo wake umesambaa sawasawa kwa kiasi cha kilonewtoni 2.5 kwa kila mita. Kiasi hicho kinakaribiana na uzito wa dari ya mawe na chokaa yenye unene wa sentimita 30, boriti zikiwa zimepangwa kila baada ya sentimita 40.

Kabla ya kufungua programu, hesabu ya mkono hutoa viwango viwili vya kulinganishia. Cha kwanza ni mkazo wa mpindo. Huu ni mkubwa zaidi katikati ya urefu wa boriti, kwenye uso wake wa juu na wa chini, na hapa unafikia megapaskali 11.5. Upande wa chini nyuzi za mti huvutwa, upande wa juu hugandamizwa, na katika kiini mkazo huu ni sifuri. Cha pili ni mkazo wa mkato, ule unaotaka kutelezesha tabaka moja la mti juu ya jingine. Huu ni mkubwa zaidi karibu na ukuta, ndani ya kiini, na hapa unafikia megapaskali 0.37. Kwenye uso wa juu na wa chini ni sifuri.

Hivyo basi boriti moja ina mahali pawili pa hatari vinavyopingana: kimoja kiko usoni katikati ya urefu, kingine kiko ndani karibu na ncha.

3. Rangi ya usoni inatoka wapi

Programu haikokotoi mkazo moja kwa moja kwenye uso. Huukokotoa kwenye nukta chache ndani ya kila elementi, ziitwazo nukta za Gauss. Thamani hizo hurefushwa hadi kwenye nodi za usoni. Kwa kuwa nodi moja huchangiwa na elementi kadhaa, kila moja ikileta thamani yake, programu nyingi hutafuta wastani kabla ya kupaka rangi. Rangi laini inayopendeza macho inaweza basi kuficha kutokubaliana kwa elementi jirani.

Msomaji wa matokeo anatakiwa kuonyesha thamani kabla ya wastani na baada yake. Tofauti ikiwa kubwa, wavu wa elementi ni mpana mno mahali hapo na unapaswa kugawanywa zaidi. Aidha, wastani usichukuliwe kuvuka mpaka wa mata mbili. Boriti inapokutana na ukuta wa mawe na chokaa, mkazo sambamba na mpaka huweza kubadilika ghafla kwa sababu ugumu wa mti na wa ukuta si sawa. Badiliko hilo ni la kweli. Kulilainisha ni kulifuta.

Uso huru pia una faida yake katika kuhakiki. Pasipo mzigo juu ya uso, mkazo unaoelekea moja kwa moja nje ya uso huo lazima uwe sifuri. Upande wa chini wa boriti ya mfano hauguswi na kitu. Programu ikionyesha hapo mkazo wa kiasi cha maana unaoelekea nje, kosa liko katika wavu au katika masharti ya modeli, wala haliko katika mti.

4. Kupasua modeli

Mkazo wa ndani huonekana kwa kuipasua modeli kwa bapa. Kwa boriti ya mfano mipasuo miwili inatosha: mmoja wa kusimama unaopita katika mhimili kwa urefu wote, na mwingine wa kukingama karibu na ukuta. Katika mpasuo wa pili msomaji achague mkazo wa mkato, kisha achore thamani zake kutoka juu hadi chini. Mchoro unaotarajiwa huanza sifuri, hupanda hadi kiini, na hushuka tena hadi sifuri. Kilele chake kinaweza kutofautiana kwa asilimia chache na hesabu ya mkono, kwa kuwa fomula huchukulia kuwa mkazo ni sawa katika upana wote.

Programu nyingi huanza kwa kuonyesha mkazo wa von Mises, kipimo kilichopendekezwa na Richard von Mises mwaka 1913 na kinachofaa kwa metali zinazonyumbuka. Mti si mata ya namna hiyo. Nyuzi zake huupa nguvu kubwa sambamba na urefu, lakini mti hupasuka kwa urahisi pale tabaka zake zinapoteleza. Mhandisi Dmitrii Zhuravskii aliliona jambo hili katika karne ya 19, aliposhughulikia madaraja ya mbao ya reli ya St. Petersburg hadi Moscow, na kutoka hapo akaunda nadharia ya mkazo wa mkato katika boriti.

Kwa hiyo sifa za mti ziingizwe kwa kufuata uelekeo wa nyuzi, na matokeo yasomwe kwa mihimili hiyo hiyo. Boriti ya paa la mteremko ikisomwa kwa mihimili ya jengo, thamani inayoitwa mkazo wa urefu haitakuwa sambamba na nyuzi.

5. Boriti iliyoliwa ndani

Hatari ya kuishia usoni huonekana wazi pale boriti inapooza au kuliwa na mchwa kutoka ndani. Ncha iliyozikwa katika ukuta wenye unyevu huwa katika hatari zaidi, na huko ndiko mkazo wa mkato ulikokuwa mkubwa tangu mwanzo. Ichukuliwe kuwa kiini kimekuwa tundu lenye kipenyo cha sentimita 6, nusu ya kipenyo cha boriti, huku uso ukibaki mzima.

Mkazo wa mpindo usoni hupanda kutoka megapaskali 11.5 hadi 12.3, ongezeko la takriban asilimia 7. Anayetazama uso pekee atasema boriti haijabadilika sana. Lakini mkazo wa mkato katika ubavu wa tundu hupanda kutoka megapaskali 0.37 hadi 0.69, ongezeko la takriban asilimia 87.

Kipimo cha rangi nacho huficha jambo hili. Mkato mtupu wa megapaskali 0.69 hutoa mkazo wa von Mises wa megapaskali 1.19. Ikiwa rangi ni 9 na kilele ni 12.3, rangi ya kwanza huishia karibu megapaskali 1.37. Mahali palipokaribia kuzidiwa maradufu pangali na buluu ile ile iliyokuwapo boriti ilipokuwa nzima. Kuipasua modeli hakutoshi basi. Lazima pia kuchaguliwa aina ya mkazo inayohusika na kipimo cha rangi kinachoanzia na kuishia kwenye thamani zake.

6. Nyekundu isiyo na maana

Kwa upande mwingine, si kila nyekundu ni hatari. Ukingo wa ukuta ukichorwa kama kona kali, mkazo mahali hapo hupanda kila wavu unapogawanywa, bila kufika mwisho. Thamani ya namna hiyo ni zao la umbo la modeli. Kipimo chake ni rahisi: wavu ugawanywe mara mbili au tatu. Thamani inayotulia inaaminika. Inayoendelea kupanda haifai kunukuliwa. Tiba yake ni kuchora eneo halisi ambalo boriti inalalia, kisha kusoma mkazo wa jumla kwa umbali wa takriban kipenyo kimoja kutoka kwenye egemeo. Pale penyewe boriti inapolalia, mgandamizo unaokingama nyuzi uhakikiwe kwa hesabu yake.

7. Hitimisho

Uso wa modeli hujibu swali la mpindo na husaidia kugundua makosa ya wavu. Haujibu swali la mkato, wala haujui kama kiini kipo. Programu hukokotoa boriti iliyochorwa. Ikichorwa nzima, itatoa majibu ya boriti nzima hata kama mchwa wameshamaliza kiini. Kwa sababu hiyo, boriti ya zamani inayotarajiwa kutumiwa tena Wambaa au kwingineko igongwe na kusikilizwa kwanza, hasa kwenye ncha zake, na pale sauti inapokuwa ya uwazi itobolewe kwa keekee nyembamba ili kupima unene uliobaki. Kipimo hicho ndicho kiingie katika modeli. Baada ya hapo ufuatwe mpangilio huu: hesabu ya mkono, ukaguzi wa uso huru, ulinganisho wa thamani kabla na baada ya wastani, kupasua modeli, na kusoma kila mkazo kwa kipimo chake. Boriti iruhusiwe kubeba dari pale tu mpindo wa usoni na mkato wa ndani, kila mmoja peke yake, unapobaki chini ya uwezo wa mti.